Sura ya Sita: Nyota Wote Hawa, Mbona Filamu Haina Ladha?

Mtazamaji ameona bango. Michael Douglas yupo, John Malkovich yupo, Toni Collette yupo, Orlando Bloom naye hakukosa. Mbele yao wote amesimama Noomi Rapace, yule Msweden aliyewashangaza watu mwaka 2009 katika The Girl with the Dragon Tattoo. Mwongozaji ni Michael Apted, ambaye tayari ana filamu ya James Bond mkononi. Mtu anakaa kitako, anatazama dakika 98, filamu inakwisha, naye anauliza kile ambacho watazamaji wa filamu za kijasusi hawachoki kukiuliza: watu wote hawa, ndiyo wametuletea hiki?

Filamu yenyewe inaitwa Unlocked, na ilitoka mwaka 2017. Ni mfano mzuri kwa sababu haina mtu wa kutupiwa lawama kirahisi. Waigizaji wake wanajua kazi. Mwongozaji wake alikuwa miongoni mwa watu wenye heshima kubwa katika sinema ya Uingereza. Hata muswada wake, yaani maandishi ya kisa na mazungumzo ambayo filamu hutengenezwa kutokana nayo, ulikuwa umesifiwa kabla kamera haijawashwa. Uliandikwa na Peter O'Brien, na mwaka 2008 uliingia katika Black List, orodha ya kila mwaka ya miswada ambayo watu wa Hollywood wameisoma na kuipenda lakini bado haijatengenezwa.

Basi ilikuwaje? Ili kujibu, kisa chenyewe itabidi kielezwe pamoja na siri zake. Ambaye bado hajaitazama na anataka kuitazama bila kujua mwisho wake, aitazame kwanza ndipo arudi kwenye sura hii.

Simu iliyoita wakati wa mahojiano

Alice Racine, anayeigizwa na Rapace, ni mhojaji wa CIA, shirika la ujasusi wa nje la Marekani. Kazi yake ni kumkalisha chini mtu mwenye siri na kumfanya aitoe kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa hodari, hadi shambulio la Paris lilipotokea naye hakuwahi kulizuia. Lawama hiyo ameibeba moyoni. Tunapokutana naye yuko London Mashariki, amejificha katika ofisi inayohudumia watu wa mtaani, wengi wao wahamiaji, na hataki tena kusikia habari za mahojiano.

Kisha anaitwa. Kuna mjumbe amekamatwa, kijana anayepeleka maneno ya imamu mmoja kwa watu wanaosadikiwa kupanga shambulio la virusi. Alice anakubali kwa shingo upande. Anaketi mbele ya kijana huyo na kuanza kumfungua taratibu, huku wanaume waliomleta wakisubiri jibu. Kazi ikiwa imenoga, simu inaita. Anayepiga ni CIA. Wanamwomba aje amhoji mjumbe fulani.

Mjumbe huyo ndiye anayemhoji.

Hii ni dakika ya thamani kubwa. Alice ameelewa kwamba waliomwita si watu wa ofisi yake, na papo hapo anatakiwa asioneshe kwamba ameelewa. Rapace hahitaji bunduki hapa. Anahitaji uso, sauti isiyotetemeka, na mkono unaoweka simu mezani bila haraka. Mtazamaji anasogea mbele kwenye kiti, akiamini kwamba filamu ndiyo sasa imeanza.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza kupungua. Kutoka hapo ni mbio: ghorofa moja hadi nyingine, risasi, ngumi, gari, mtu mpya anayejitokeza na kusema yuko upande wake. Malkovich anakaa makao makuu ya CIA akikemea watu mbele ya skrini. Collette, akiwa afisa wa MI5, shirika la usalama wa ndani la Uingereza, anapewa nywele fupi, silaha na sentensi chache zenye mamlaka. Huyu ndiye mama yule wa The Sixth Sense, anayeweza kukutoa machozi akiwa amekaa tu ndani ya gari. Hapa hakuna aliyemwandikia cha kumtoa mtu machozi.

Msaliti ni yule yule

Kila kisa cha kijasusi kina mgeuko, yaani mahali ambapo kile ulichokiamini kinapinduliwa mbele ya macho yako. Katika Unlocked mgeuko mkubwa unamhusu Eric Lasch, mlezi wa Alice katika kazi, anayeigizwa na Michael Douglas. Alice anamkimbilia, wavamizi wanaingia, Lasch anapigwa risasi na kuachwa kama aliyekufa. Baadaye anaibuka mzima wa afya, na inajulikana kwamba yeye ndiye mpangaji wa kila kitu.

Mtazamaji wa filamu hizi anakifahamu kisa hicho. Amekutana nacho hapa:

- Mission: Impossible (1996): Jim Phelps, kiongozi wa kikosi, anaonekana kuuawa. Yu hai, na ndiye msaliti.
- The Recruit (2003): Walter Burke, mkufunzi wa majasusi wapya aliyeigizwa na Al Pacino, ndiye anayelihujumu shirika lake.
- The 355 (2022): Nick, mwenzi wa kazi na kipenzi cha shujaa, anadhaniwa amekufa. Anarudi akiwa adui.

Mwaka 1996 mgeuko huo uliuma kweli. Phelps alikuwa mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Marekani, na watu walimjua tangu mwaka 1967 kama mtu wa kutegemewa. Filamu ya Brian De Palma ilipomfanya msaliti, iligusa imani ya karibu miaka 30. Lasch hana historia hiyo. Tumemwona kwa muda mfupi, amezungumza kwa upole, amekufa. Tunaambiwa kwamba Alice anampenda kama baba, lakini upendo huo hatukuonyeshwa, kwa hiyo usaliti wake unatupita.

Kuna tatizo jingine ambalo watazamaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Kwenye vibanda umiza, ambako watu hubanana kwenye mabenchi na mtafsiri akasimulia kisa kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, hata mtoto mdogo anajua kwamba stelingi, yaani nyota wa filamu, hafi. Mtu aliyezoea benchi lile hawezi kuamini kwamba Michael Douglas amelipwa aje afe mapema na asionekane tena. Anasubiri arudi, na anapomsubiri mgeuko umekwisha kuharibika.

Juu ya hayo, Unlocked inarundika usaliti. Jack, mtu wa Orlando Bloom ambaye Alice anamkuta akiiba kwenye nyumba, anakuwa msaidizi wake, kisha naye anageuka. Usaliti wa kwanza unashtua. Ukifuatwa na wa pili na wa tatu, mtazamaji anaacha kumwamini kila mtu, na asiyemwamini mtu hawezi tena kusalitiwa.

Kwa ufupi: mgeuko hauna nguvu yake wenyewe. Nguvu yake inatokana na muda ambao filamu imetumia kutufanya tumpende au tumtegemee yule atakayegeuka.

Kuazima hakujawahi kuwa kosa

Wahakiki wengi waliitupilia mbali Unlocked kwa kusema imeiga. Kweli imeiga, lakini hilo peke yake si hoja. Kisa cha kijasusi kimekuwa cha kuazimana tangu zamani, na wasomaji wa Kiswahili wana ushahidi nyumbani. Elvis Musiba alipomleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, sura ya James Bond ilionekana wazi: kijana mtanashati, mwepesi wa bastola, anayesafiri mji hadi mji na kupendwa na wanawake. Musiba aliazima umbo, kisha akalijaza mambo yake. Gamba aliingia katika mapambano ya ukombozi wa Afrika, wakati ambapo vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi zao Dar es Salaam na hatari ya majasusi wa wakoloni haikuwa ya kubuni. Msomaji wa wakati ule alijua hasa ni nini kingepotea kama Gamba angeshindwa.

Linganisha na yaliyofuata baada ya filamu za Jason Bourne. Ya kwanza ilitoka mwaka 2002 chini ya Doug Liman, na mbili zilizofuata, za mwaka 2004 na 2007, ziliongozwa na Paul Greengrass. Kamera ilishikwa mkononi ikatikisika, picha zilikatwa fupifupi, na jasusi aliwindwa na ofisi yake mwenyewe. Ile ya mwaka 2007, The Bourne Ultimatum, ilipata tuzo tatu za Oscar, zote katika uhariri na sauti. Baada ya hapo kila studio ilitaka kamera inayotikisika. Kilichosahaulika ni kwamba Bourne alikuwa amepoteza kumbukumbu, na kila ngumi aliyorusha ilimwongezea woga wa kugundua yeye ni mtu wa namna gani. Waigaji walichukua mtikisiko wakaacha woga.

Muswada wa Unlocked ulisifiwa mwaka mmoja tu baada ya Ultimatum. Filamu ilitoka miaka tisa baadaye. Yaliyoonekana ya moto mwaka 2008 yalikuwa yamekwisha tumiwa na kila mtu.

Alfred Hitchcock alikuwa na jina la kitu kinachokimbizwa katika visa hivi, iwe hati, ramani au kemikali: alikiita MacGuffin. Alishikilia kwamba chenyewe hakina maana kubwa, mradi wahusika wanakihangaikia. Katika Notorious ya mwaka 1946 kitu hicho ni madini ya urani yaliyofichwa ndani ya chupa za mvinyo. Lakini anayekumbuka Notorious hakumbuki urani. Anakumbuka kamera ikishuka kutoka juu ya ukumbi wa sherehe, ikipita juu ya vichwa vya wageni, hadi kwenye kiganja cha Ingrid Bergman kilichofumbata ufunguo wa chumba cha chupa. Mwanamke anayemwigiza ameolewa na adui kwa ajili ya kazi ya ujasusi, na mwanaume anayempenda hakumzuia. Ufunguo ule ni ndoa yake, aibu yake na uhai wake.

Katika Unlocked kuna virusi. Katika The 355 kuna kifaa kinachoweza kuingia kwenye mfumo wowote wa kompyuta duniani. Vyote viwili vinatishia mamilioni ya watu, na hakuna kinachomgusa mhusika mahali panapouma kama ufunguo ule.

Bango kwanza, kisa baadaye

The 355 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwanza kwa sababu wazo lake lilikuwa zuri, pili kwa sababu ina mtu wetu ndani yake.

Wazo lilikuwa la Jessica Chastain: filamu ya kijasusi inayobebwa na wanawake kutoka nchi mbalimbali. Jina lilitokana na jasusi mwanamke wa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani aliyejulikana kwa namba tu. Mwezi Mei 2018 Chastain alikwenda Cannes, Ufaransa, akiwa na Penélope Cruz, Fan Bingbing, Marion Cotillard na Lupita Nyong'o, wakapigwa picha wote watano. Sambamba na tamasha la Cannes kuna soko la filamu, na huko ndiko yanakofanyika mauzo ya awali: mtayarishaji anauza haki za kuonyesha filamu nchi kwa nchi kabla haijapigwa, kisha mikataba ile inamsaidia kupata fedha za kuitengeneza. Wanunuzi walijitokeza, na kampuni ya Universal ikachukua Marekani.

Biashara hiyo si haramu, na filamu nyingi nzuri zimezaliwa hivyo. Lakini tazama kilichofuata. Ilipofika wakati wa kupiga picha, Cotillard hakuwepo. Nafasi yake ilichukuliwa na Diane Kruger. Kilichouzwa Cannes kilikuwa nyuso tano, na uso mmoja ulipotoka mwingine ukaingia. Wahusika walikuja kujazwa baadaye, na filamu iliyokamilika inalionyesha hilo: kila mmoja ana kazi moja na sifa moja. Mmoja mgomvi, mmoja mwanasaikolojia mwoga, mmoja bingwa wa kompyuta.

Bingwa wa kompyuta ndiye Lupita. Mkenya huyu alichukua Oscar mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave. Mwaka 2019, katika Us ya Jordan Peele, aliigiza watu wawili: mama wa familia, na kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na sauti iliyokwaruza kana kwamba koo limekauka kwa miaka. Mtazamaji alisahau kabisa kwamba ni mtu mmoja. Katika The 355 Lupita yuleyule anatumia muda mwingi kueleza skrini inasema nini. Hakuna kosa lolote katika uigizaji wake. Amepewa sentensi ambazo mtu yeyote angezisema.

The 355 iliongozwa na Simon Kinberg na kuingia sinema Januari 2022. Dunia nzima iliingiza chini ya dola milioni 30. Mwezi Machi mwaka huohuo Chastain alipanda jukwaani kupokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu nyingine, The Eyes of Tammy Faye. Kipaji hakikuwa kimekwenda popote.

Kwa ufupi: majina makubwa huingiza fedha za kutengeneza filamu. Hayawezi kuandika wahusika, na wakati mwingine yanawafanya watengenezaji waamini kwamba wahusika wamekwisha kupatikana.

Mwigizaji hupewa nini cha kuigiza?

Jibu la swali la sura hii limelala hapa. Mwigizaji huonyesha uwezo wake pale mhusika anapolazimika kuchagua, na uchaguzi ukamgharimu. Ukimpa mbio, ataonyesha mbio. Ukimpa maelezo ya mpango wa adui, ataonyesha kwamba ana kumbukumbu nzuri ya maneno.

Chastain huyuhuyu aliigiza mtu wa CIA mwaka 2012 katika Zero Dark Thirty ya Kathryn Bigelow. Maya anamsaka Osama bin Laden kwa karibu miaka kumi, bila mume, bila rafiki wa kudumu, bila kitu kingine. Anampata. Filamu inaisha akiwa peke yake ndani ya ndege kubwa ya kijeshi. Rubani anamuuliza anataka kwenda wapi. Hana jibu, machozi yanamtoka. Ajira ileile, mwigizaji yuleyule; tofauti ni kwamba Bigelow na mwandishi wake walimwuliza Maya swali ambalo hakuna bunduki inayoweza kulijibu.

Katika Tinker Tailor Soldier Spy ya Tomas Alfredson (2011), Gary Oldman anakwenda mbali zaidi. George Smiley anamsimulia kijana wake jinsi alivyowahi kukutana, miaka mingi nyuma, na jasusi mkuu wa Urusi aitwaye Karla. Filamu nyingine ingeturudisha nyuma ituonyeshe chumba, jasho na Karla mwenyewe. Alfredson anamwacha Smiley kwenye kiti, mbele yake kiti kitupu, naye anaanza kuzungumza na kiti kile kama vile Karla ameketi. Anasimulia kwamba alijaribu kumshawishi kwa kumtaja mke, akijifunua mwenyewe bila kujua, na kwamba Karla aliondoka na kiberiti cha gesi alichokuwa amezawadiwa Smiley na mkewe. Sauti haipandi. Ikifika mwisho wa simulizi, mtazamaji amekwisha kujua udhaifu wa Smiley uko wapi na adui ataupiga vipi. Baadaye msaliti anapojulikana, naye ni rafiki wa ofisini aliyekuwa na uhusiano na mke huyohuyo, kila kitu kinauma.

Ni mgeuko uleule wa msaliti wa ndani. Umeazimwa mara elfu, na hapa umeandaliwa.

Michael Apted na swali alilolijua kuliko wote

Kupotea kwa waigizaji kunasikitisha, lakini hasara kubwa zaidi ya Unlocked ni mwongozaji wake.

Mwaka 1964 televisheni moja ya Uingereza ilionyesha Seven Up!, kipindi kuhusu watoto wa miaka saba kutoka familia za tabaka mbalimbali. Apted alikuwa kijana wa utafiti aliyesaidia kuwatafuta watoto hao 14. Tangu mwaka 1970 alichukua usukani mwenyewe, akawa anawarudia kila baada ya miaka saba, hadi 63 Up ya mwaka 2019. Tony, mtoto wa London Mashariki aliyetaka kuwa mpanda farasi wa mashindano, tulimwona akijaribu, akishindwa, akiendesha teksi, akioa, akizeeka. Mbinu ya Apted ilikuwa ileile miaka yote: kukaa mbele ya mtu, kuuliza kwa sauti ya kawaida, na kusubiri. Katika ukimya ule watu walisema mambo ya ndoa, fedha na majuto ambayo pengine hawakuwahi kuyasema popote.

Mtu huyu, aliyehoji binadamu kwa nusu karne, alipewa filamu kuhusu mhojaji, inayoanzia London Mashariki, miongoni mwa watu wa kawaida aliowafahamu kuliko mwongozaji yeyote. Muswada ukampa chumba cha mahojiano kwa dakika chache, kisha ukamtoa mbio mtaani.

Wala si kwamba hakuujua ujasusi. Enigma ya mwaka 2001 aliiongoza yeye, kuhusu wavunja siri wa Bletchley Park wakati wa Vita Kuu ya Pili. The World Is Not Enough, Bond yake ya mwaka 1999, ilimtoa Sophie Marceau kama Elektra King: tunamwonea huruma kama mateka wa zamani, kumbe ndiye adui mkuu. Mgeuko ule ulishika kwa sababu Elektra alikuwa na kidonda halisi. Alipotekwa, baba yake hakulipa fidia, tena kwa ushauri wa mkuu wa Bond. Na kwa ajili ya Gorillas in the Mist, iliyotoka mwaka 1988, Apted alikwenda Rwanda, kwenye milima ya volkano, akamwongoza Sigourney Weaver kama Dian Fossey, mtafiti wa sokwe. Weaver alikaa kwenye majani karibu na sokwe wa porini wasiojua muswada ni nini, na mwongozaji akawa na subira ya kuwangoja sokwe waamue.

Subira hiyo haionekani katika Unlocked baada ya simu kuita. Apted alifariki Januari 2021, na hii ikabaki kuwa filamu yake ya mwisho ya kubuni.

Anayetaka kumjua asianzie hapa. Aanze na Gorillas in the Mist, aendelee na Enigma, kisha atafute mfululizo wa Up na kuutazama kwa mpangilio, tangu wale watoto wakiwa na miaka saba. Na anayeandika muswada wa kijasusi Dar es Salaam, Nairobi au Kigali leo, akiwa na bahati ya kumpata mwigizaji wa kiwango cha Lupita, tafadhali amwandikie chumba kimoja, kiti cha pili, na mtu ambaye hawezi kumdanganya.